Nyumba Niliyoibomoa kwa Mikono Yangu Makambako

Sifa ni za Bwana asiyelala, ndugu zangu! Kamwene, wazee wangu na akina mama.

Naitwa Rahabu, mjane wa Yonathani mwashi. Wengi wenu hapa Makambako mnanijua, ingawa ni muda mrefu hamjanisalimu. Siku hizi nakaa Yakobi, pembeni mwa Njombe, na leo nimeitwa nije kueleza jinsi Bwana alivyonitoa. Mchungaji aliniomba nishuhudie bila kutaja jina la mtu. Nilimwitikia kwa heshima, nikarudi nyumbani, nikaomba, na nilipoinuka nilikuwa na hakika kwamba nitataja. Nikimficha aliyenifunga, hamtaelewa nilifunguliwa nini. Mchungaji anisamehe. Mzee Zakaria amekaa pale benchi la mbele, namwona, na yeye ananiona.

Kwetu ni Kichiwa. Yonathani alijifunzia uashi misheni, na tulipooana alikuwa akifuata kazi huku na huku. Malori yalipoanza kuwa mengi kwenye barabara kuu, akasema Makambako patajengwa, na panapojengwa mwashi hakosi ugali. Ardhi ya kando ya barabara ilikuwa ya Mzee Zakaria, aliyoachiwa na baba yake. Tukamwendea kwa adabu. Yeye ni mzee wa kanisa, nasi ni wa kanisa, tukaona tumefika kwa baba.

Alitutoa nje akatuonyesha kichaka. Mkewe, Mama Eliya, alikuwa anapalilia maharage jirani na hapo. Mzee akasema, "Jenga, Yonathani. Jenga kama kwako. Ukivuna, unikumbuke."

Hayo tu. Hatukuita jirani, hatukuita jumbe wa kijiji. Nani angeita mashahidi kwa ajili ya neno la mzee wa kanisa?

Ndugu zangu, tulijenga. Udongo tuliuchimba bondeni, maji nilibeba mimi nikiwa na mimba ya Neema, matofali tukayachoma wenyewe. Mabati Yonathani aliyapata kidogo kidogo, akayahifadhi chini ya kitanda mpaka yalipotosha paa zima. Milango alitengeneza ya mninga. Kila mavuno tulimpelekea Mzee Zakaria ngano, na ukuta wake ukipasuka, Yonathani alikwenda kuuziba bila kuombwa. Tuliishi vizuri. Naliungama hilo mbele za Mungu, kwa sababu mtu akishapata uchungu husahau kwamba aliwahi kucheka.

Kisha Yonathani akashikwa na kichomi, msimu wa baridi. Homa ilimshika akiwa kazini, akarudi nyumbani akitembea, hakutoka tena. Mkamzika ninyi. Mzee Zakaria ndiye aliyeomba kaburini, akasema mjane huyu na watoto wake sasa ni wa kanisa. Nililia kwa kushukuru.

Maharage niliyopanda wiki ya msiba hayakuwa yameiva alipokuja kwangu na mgeni, mfanyabiashara wa kutoka Iringa. Nikawasalimu, nikawatolea viti. Hawakukaa. Mgeni alipima baraza ya nyumba kwa hatua zake, akagonga ukuta, akauliza kama chumba cha mbele kinaweza kubomolewa kiwe duka. Hakuniuliza mimi.

Mzee Zakaria akaniambia, "Rahabu, mpangaji amekufa. Nyumba inarudi kwa mwenyewe."

Nikamwambia nyumba hii ameijenga mume wangu. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba ile ngano ilikuwa kodi, na mlipa kodi hana nyumba. Tena kama Yonathani alikuwa na haki yoyote ya kukaa pale, alikwenda nayo kaburini, maana mwanamke harithi upangaji. Alisema ninyamaze nirudi Kichiwa, na yeye ataniombea safari njema.

Nikaenda Kichiwa kweli, kwa shemeji yangu Lameki, nikitafuta mtu wa kusimama nami. Lameki alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nyumba ni ya ukoo, si ya Zakaria wala si yangu. Atakwenda kuidai, na nikikubali kukaa kwake kama mke, watoto hawatapata shida. Nikamwambia nimekuja kutafuta ndugu, si mume. Akashika jembe lake akaenda shambani. Hakuuliza watoto wamekula nini.

Niliporudi Makambako na wanangu, ulikuwa mwezi wa ukungu, ule ambao nyasi hupauka kwa baridi. Tukakuta nyumba haina milango. Waling'oa wa mbele na wa nyuma, na madirisha. Vibarua wa Mzee Zakaria walikuwa wamevibeba mchana kweupe, na majirani waliwaona. Nilitundika mkeka mlangoni. Upepo uliuchezea utakavyo. Neema alianza kukohoa wiki ile, na ndugu zangu, anakohoa mpaka leo.

Nikaja kanisani, mbele ya baraza la wazee. Mzee Zakaria alikuwa mmoja wao, akakaa kunihukumu. Waliniambia si vizuri muumini kumshitaki muumini kwa watu wa serikali. Waliniambia mambo ya nyumba ni ya dunia hii. Kisha wakaniwekea mikono kichwani, wakaomba nipewe moyo wa unyenyekevu. Niliombewa unyenyekevu na watu ambao milango ya nyumba zao ilikuwa imefungwa vizuri.

Siku ile nilitoka hapa sina imani. Nasema wazi. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ndiyo iliyonifikisha Njombe. Nilipanda juu ya lori la magome ya miwati, ile miti ambayo magome yake hulainisha ngozi, nikashuka bomani. Karani aliyenipokea hakuwa mkali wala mpole. Alinieleza kwamba shauri kama hili linaanzia baraza la wenyeji, kule Mdandu, na asiyeridhika ndiye huja kwa Bwana Shauri, afisa wa serikali pale bomani. Akaniambia pia kwamba kumtoa mtu nyumbani si kazi ya anayedai nyumba. Kisha akauliza, "Alipowaambia mjenge, nani alisikia?"

Njia nzima ya kurudi nililitafuna swali hilo. Yonathani alisikia, naye yuko kaburini. Mimi nilisikia, nami ndiye mdai. Alibaki mmoja.

Sasa niambieni, unamwendeaje mke wa mtu, ukamwomba asimame barazani dhidi ya mumewe? Anakula kwake, analala kwake, watoto ni wa mume. Nilimkuta mtoni akifua. Niliishia kumwambia siku ambayo shauri litasikilizwa. Mama Eliya aliendelea kukamua nguo, akakamua ile ile mpaka ikawa haina maji. Nikajiondokea.

Hapo ndipo nilipoomba, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Sikuomba nyumba. Nilisema, Bwana, nipe mtu mmoja.

Siku ya shauri tulifika Mdandu watu wengi. Hakimu alikuwa mzee aliyevaa koti zito la kijeshi, mwenye kusema polepole. Mzee Zakaria alieleza vizuri sana, na maandiko akayatia humo humo. Alisema alinihifadhi mgeni, nami nimegeuka kumnyang'anya urithi wa baba yake. Watu wakatikisa vichwa kunihurumia, kama wanavyomhurumia mtu aliyekosea.

Hakimu akaniuliza kama nina shahidi. Nikasema shahidi wangu ni Mungu. Akanijibu, bila dharau, kwamba baraza linahitaji shahidi anayeweza kuulizwa maswali.

Ndipo Mama Eliya aliposimama kule walikokaa wanawake. Sikujua kama amekuja. Alikuwa ametembea peke yake kutoka Makambako, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa napalilia. Alimwambia, jenga kama kwako. Ngano tuliyokula ilikuwa ya ardhi. Kwenye nyumba ile sisi hatukuweka hata tofali moja."

Mzee Zakaria akamwambia kaa chini. Hakimu akamgeukia Mzee Zakaria, akamwambia akae yeye.

Bwana asifiwe! Niliinama nikashika ardhi kwa mikono miwili.

Hakimu alimhoji Mama Eliya kwa muda mrefu, hakuyumba. Kisha akaamua, nami nawaeleza alivyoamua, kwa sababu wako humu watakaohitaji kujua. Alisema ardhi ni ya Zakaria, na hilo hakuna anayelipinga. Ila aliyeruhusiwa kujenga, akajenga kwa mali yake, nyumba ni yake, na akifa ni ya mjane na watoto wake. Ngano ilikuwa shukrani ya ardhi, haikuinunua nyumba. Kung'oa milango kabla ya baraza kuamua ni kosa, irudishwe. Na mwenye ardhi asipotaka kukaa na mjane, achague: amlipe thamani ya nyumba, au amwache aichukue.

Mzee Zakaria alicheka. "Achukue," alisema. "Tuone mjane anavyobeba nyumba."

Nilishinda, ndugu zangu, na ushindi wangu ulikuwa huo: kuibomoa nyumba aliyoijenga mume wangu, na kuimaliza kabla ya mvua.

Niliibomoa. Nilianza na mabati, msumari kwa msumari. Kuta zilikuwa ngumu, kwa maana Yonathani hakujua kujenga vibaya. Kila tofali lililogoma nililichukia, kisha nikalishukuru. Mlipita barabarani mkienda ibadani, mkiwa na vitabu vya nyimbo mikononi. Niliwaona kutoka juu ya ukuta. Baadhi yenu mliinamisha macho, baadhi mlivuka mkapita upande wa pili. Waliokuja kunisaidia walikuwa wanawake wa Kikatoliki niliofahamiana nao sokoni. Walikuja na uji, wakapanga matofali, wakaimba nyimbo nisizozijua.

Na alikuja Mama Eliya. Alikuja na kifurushi cha nguo, kwa sababu siku aliyorudi kutoka Mdandu alikuta vyake vimetupwa nje. Maisha yake yote ya ndoa yalitosha kwenye kanga moja. Alikiweka kifurushi chini ya mti, akapanda, akashika upande wa pili wa bati.

Dereva mmoja wa malori ya magome alitubebea mabati, mbao na matofali yaliyopona mpaka Yakobi. Huko shangazi yangu alinipa mahali pa kujenga. Nilimpigia magoti nikashukuru, kisha nikamwomba aite majirani na jumbe, aseme mbele yao. Alinuna kidogo, akauliza kama simwamini. Nikamwambia, shangazi, nakuamini wewe, ila siku moja utakufa. Akawaita. Wakatembea pamoja nasi kuuzunguka mpaka wote wa kiwanja. Nawasihi, anayepewa ardhi na afanye hivyo, hata kama mtoaji ni baba mzazi, hata kama ni mzee wa kanisa.

Nyumba imesimama tena, ni ndogo kuliko ya kwanza. Tunakaa humo mimi, watoto wangu na Mama Eliya. Bwana alinitoa, namshukuru. Aliniokoa nisiwe mke wa shemeji kwa kukosa paa, na nisiwe omba omba mlangoni kwa Mzee Zakaria. Lakini sitawadanganya kwamba moyo wangu ni mtamu. Nikipita pale barabarani naona duka la yule mfanyabiashara limejengwa juu ya msingi tuliouchimba, nami nageuza uso. Kusamehe sijafika. Niko njiani, na Bwana anajua natembea kwa miguu.

Nimebakiza neno moja. Mama Eliya alipewa na marehemu baba yake kile kipande cha ardhi kule mlimani, akapanda miwati kwa mkono wake, miaka na miaka. Sasa Mzee Zakaria anaikata na kuuza magome, anasema shamba ni lake. Shauri litasikilizwa Mdandu wiki ijayo. Mama Eliya ataulizwa kama nilivyoulizwa mimi: nani aliona?

Ndugu zangu, mliona. Mlikuwa mnapita pale kila siku mkienda mashambani. Mlimkuta na jembe, mlimsalimu, wengine mlimwomba miche akawapa. Nawaalika mumtumaini Mungu aliyenipa mtu mmoja siku ile. Yeye hasimami barazani kwa miguu yake, husimama kwa miguu ya mtu. Mzee Zakaria, nawe nakualika, mlango haujafungwa.

Mama Eliya yuko pale nje. Nilimwomba tuingie wote, akasema atasubiri. Ibada ikiisha mtapita karibu naye. Msihangaike kutafuta maneno mengi. Mwambieni tu, niliona, nami nitakuja.