Nani Yuko Zamu ya Kipimio?

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ndiye niliyemfuata marehemu ziwa, nimepewa karatasi hii niwasomee maisha yake, nanyi mnivumilie nikitupia macho kule milimani, kwa kuwa tangu asubuhi wingu limetanda huko na roho yangu iko juu juu.

Dada yetu, mliyemzoea kama Mama Rula, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba iliyopakana na kinu cha nafaka, akiwa wa pili kati ya watoto saba, akaanza shule mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, na tarehe 14 Januari 1982 akaajiriwa ofisi ya maji kuwa karani wa vipimo, kazi aliyoifanya kwa uangalifu uliotuchosha hadi sisi wa nyumbani, maana hata chumvi ya mboga aliipima kwa kijiko cha dawa.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1998 mto ulifurika, watu wa juu wakaona, wa chini hawakuambiwa, tukazika majirani sita. Mwaka uliofuata dada alianza kufundisha viongozi wa kamati za bonde la mto, kwenye ghala la ushirika, namna ya kupanda majani kingoni, kusuluhisha wakulima na wafugaji, na kusoma kipimio, ile nguzo yenye namba iliyosimikwa mtoni. Anayesoma humpigia simu wa chini yake, naye huirudia namba kabla ya kukata. "Namba isiyorudishwa haijafika," alikuwa akisema, na mshonaji wetu, mama mbishi yule, alifelishwa mara tatu kwa hilo kabla ya kupewa cheti.

Maradhi ya moyo yaligunduliwa tarehe 2 Februari 2023, akalazwa tarehe 11 Aprili, na kila mvua ilipogonga bati la wodi alimuuliza muuguzi nani yuko zamu. Alifariki tarehe 19 Aprili, saa nne asubuhi. Siku moja kabla, alinishika mkono akaniambia, "Siku ya kunizika, wa zamu asije. Waambie."

Sikuwaambia. Nilitaka azikwe na wanafunzi wake wote, na sasa nawaona mmejaa mbele hapa, simu zenu zimezimwa kama tulivyoomba mlangoni, na ninaogopa. Kiti kimoja tu kiko wazi, cha mshonaji, nami nimesikia mnavyomsema kwamba hana shukrani.

Mniwie radhi, simu ya marehemu inaita mfukoni mwangu.

Ndugu zangu, ni mshonaji, yuko kwenye kipimio cha juu, zamu ni yake, amewapigia nyote hampatikani, akakumbuka namba ya mwalimu wake. Mita mbili na nusu, inapanda. Nimesikia, mama, mita mbili na nusu, inapanda.

Viongozi wa chini, inukeni, washeni simu, nendeni mkawahamishe watu, hakuna atakayesema mmemkosea marehemu heshima. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wenzake wa ofisi ya maji, na mshonaji.

Dada, namba imerudishwa. Pumzika kwa amani.