Ubao Ambao Haujagusa Theluji

Katika basi letu la kupanda mlimani kutoka Innsbruck, kijana Korbinian alikuwa amekumbatia ubao wake mpya wa kutelezea theluji kama bibi harusi. Mama mmoja aliyekaa naye, mwenye ubao uliochubuka, alijaribu kuupinda ule mpya kwa goti. Ukagoma.

"Unataka kufanya nini nao, mwanangu?"

"Kuruka na kuzunguka hewani, mama."

"Kwa mlango huu usiopindika? Anayejifunza kuruka hutafuta ubao mfupi, unaopindika. Urudishe. Duka linapokea ambao haujagusa theluji."

"Wenzangu wananisubiri juu. Nikifika mikono mitupu watanicheka."

"Na ukiteremka kwa ubao huu, hawatakucheka?"

Basi zima tulijifanya tunatazama milima.

Basi likasimama. Korbinian akashuka kwenye theluji, ubao ameuinua juu ya kichwa kwa mikono miwili.