Vitabu vya Kabatini

"Mama amevipanga kabatini pamoja na vikombe vya wageni," mwanamke aliyeketi mbele yangu kwenye treni alimwambia mzee wa kando yake, ambaye hakuwa amemuuliza lolote. Gari la maktaba huacha sanduku la vitabu kwa mama yake, kule kijijini, ili majirani waazime.

"Na huazima?" mzee akauliza.

"Wataazimaje? Mtoto akigusa kitabu, anatumwa kunawa mikono. Akinawa, anaambiwa mikono ina maji."

Nilicheka. Wakanitazama kama niliyedandia bila tikiti.

"Mama yako ana adabu," mzee akasema. "Cha watu hutunzwa."

"Gari likirudi Ijumaa na kukuta vingali vipya, sanduku litapelekwa kijiji kingine. Mwanangu anaishi na mama, mzee wangu, na bado hajui kusoma."

"Na kurasa zikichanika, nani ataaibika? Si wewe uliye Nairobi."

Treni ikasimama Makadara. Mwanamke alishuka akipiga simu, nami nyuma yake. "Mama, leo mpe mtoto kitabu kimoja tu." Akasikiliza, akashusha pumzi. "Haya. Basi ngoja mikono ikauke."