Wino wa Bango la Zahanati

Mama aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa na duka lenye mashine kubwa ya kuchapa mabango. Aliyeketi kando yake, fundi wa mashine hizo, alikuwa anamsema tangu tuondoke. "Dada yangu, tumia wino wa kampuni iliyotengeneza mashine. Huo wa bei nafuu utaziba kichwa cha mashine, pale wino unapotokea, na rangi itapauka upesi."

"Hata mume wangu alinikataza," mama alijibu taratibu. "Nikachapa vipande vya majaribio, nikavianika juani wiki nzima, ndipo nikachapa bango la zahanati. Lingepauka, ningefunga duka."

Basi likakata kona, akanyoosha kidole dirishani. Kwenye bango juu ya lango la zahanati, kitoto kichanga kilikuwa kimefunikwa blanketi jekundu, jekundu kwelikweli. "Bango hilo limekula jua na mvua zote za mwaka huu."

Fundi alilitazama mpaka shingo ikagoma kugeuka zaidi. "Rangi nimeiona. Na kichwa je?"

"Changu au cha mashine? Vyote vizima."

Tulicheka basi zima, na mimi ambaye sikualikwa. Basi liliposimama, mama akashuka kifua mbele. Fundi akamfuata hadi mlangoni. "Bado nakataa, dada. Lakini huo wino unaitwaje? Nauliza tu."