Raundi Moja ya Jemeli

Mchungaji, wazee wetu, majirani, nanyi wanariadha mlioacha mazoezi mkaja, asanteni na poleni. Mimi ni Jesang, mdogo wake marehemu. Kusoma maisha yake ilikuwa kazi ya Laban, mumewe, lakini asubuhi ameniambia, "Shemeji, soma wewe, mimi sauti haitatoka." Yangu nayo imechakaa. Mtanivumilia.

Marehemu Filomena Jemeli Kisang alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Kapterit, juu ya bonde la Kerio. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Cheboi na mama yetu Kobilo, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele. Mimi nilimfuata kwa miaka minne, na tangu nijifunze kutembea nimekuwa nikimfuata kwa nyuma.

Alianza masomo mwaka 1986 katika shule ya msingi ya hapa kijijini na kumaliza kidato cha nne mwaka 1998. Alipokuwa darasa la sita, kwenye mbio za nyika, alichomwa na mwiba wa mgunga karibu na mahali pa kuanzia. Alimaliza wa kwanza, huku ule mwiba ukiwa ndani. Mwalimu alipouchomoa kwa wembe, Jemeli alikuwa anatazama ng'ombe wa jirani. Uso haukubadilika. Sisi hapa tunajua jambo hilo lina uzito gani: kwetu mtoto asiyekunja uso kwa maumivu ni heshima ya mamake. Mama alisifiwa kisimani mwaka mzima: "Kobilo, umezaa." Kijiji kilimpenda kwa uso ule, naye akauvaa tangu siku hiyo na hakuuvua tena.

Mwaka 1999 alijiunga na kambi ya mazoezi Iten. Alikimbia marathoni Uholanzi, Italia na Japani, akashinda mbili na kushika nafasi ya pili mara zaidi ya hizo. Mnakumbuka tulivyompokea na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, na yeye anakunywa kwa adabu huku masharubu ya maziwa yanamkaa. Wengi walimwuliza siri yake. Aliwajibu kwamba hana siri, ila anapofika pale miguu inapokataa, anaiambia kuna mtu mwingine nyuma amechoka zaidi. Makocha walipenda sana maneno hayo.

Tarehe 15 Desemba 2001 alifunga ndoa na Laban Kisang, mkimbiaji mwenzake, ambaye kazi yake mazoezini ilikuwa kutangulia mbele na kumwekea kasi. Siku ya harusi Jemeli alisema mbele ya wakwe, "Huyu nilimpenda kwa mgongo. Uso nilikuja kuuona baadaye." Wakwe walicheka, Laban akaangalia viatu vyake.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Jerubet mwaka 2003 na Kimosop mwaka 2008. Hapa nisidanganye watu mbele ya jeneza. Maisha ya kambi mnayajua. Mama analala kambini kuanzia Jumapili jioni mpaka Jumamosi mchana, hata kama kambi iko ng'ambo tu ya barabara, na Iten hakuna anayeuliza kwa nini. Watoto walikaa kwangu. Jerubet alijifunza kusema kwa kunisikiliza, kwa hiyo aliniita mimi mama, na mamake, kwake, akawa Jemeli, kama nilivyomwita mimi. Jumamosi alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Jemeli amekuja." Dada yangu alicheka na kumbeba. Tukasahau kumsahihisha, na jina likabaki hivyo hata alipokuwa msichana mkubwa.

Nyumbani mwake kulikuwa na sheria moja. Neno "nimechoka" lilikuwa marufuku. Ukilisema, unazunguka uzio wa malisho raundi moja mbio. Hakusamehewa mtu. Laban alizunguka na koti la kanisani. Mimi nilizunguka na ndoo ya maziwa mkononi. Wageni walizunguka. Watoto walifurahia, lakini Jerubet alipokuwa na miaka kama kumi na miwili alimwuliza mbele yetu sote, "Wewe Jemeli, kwani hujawahi?"

"Sijawahi nini?"

"Kuchoka."

"Kunywa chai, inapoa."

Jerubet hakuinywa. Alichotaka kwa mamake hakikuwa viatu wala zawadi za Japani. Alitaka siku moja aambiwe ukweli. Nilimjua, nilimlea, na jambo hilo lilimuuma kuliko zile Jumapili jioni.

Marehemu alistaafu mwaka 2015 na kurudi nyumbani kuishi na watu wake. Alilima viazi, alifuga, aliwafundisha wasichana wa hapa kukimbia bila malipo. Kuzoeana kulichukua muda. Alikuwa anawaamsha watoto kwa kipenga.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 alianza kukonda. Mahali pengine popote mtu akikonda hivyo anaulizwa anaumwa nini. Sisi tulifanya nini? Tulimpongeza. Sokoni walimwambia, "Jemeli, umerudi uzito wa mashindano, tuambie ni mbio gani." Hata kocha wake wa zamani alimpigia simu. Yeye alitabasamu na kila asubuhi akatoka kukimbia, nasi tukaanza kubishana ni mji gani anaokwenda kukimbia. Kumbe chakula kilikuwa hakipiti kooni. Ugali wake alikuwa anampa mbwa chini ya meza. Maumivu aliyafanyia kama alivyoufanyia ule mwiba, akatazama ng'ombe.

Aliyemkamata ni Jerubet, aliporudi likizo kutoka chuo cha uuguzi. Alimtazama akinywa uji, akaweka kikombe chake chini.

"Jemeli, meza tena nione."

"Niko sawa."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Nimesema meza."

Alipelekwa Eldoret, na madaktari wakasema ni kansa ya koo na imeenea. Alitibiwa mwaka mzima, na familia inawashukuru wote waliomhudumia. Kila alipoulizwa anaendeleaje alijibu, "Tunasukuma." Jerubet aliomba ruhusa chuoni akaja kumwuguza. Nilikuwa namsikia akimwuliza kama anaumia, na nasikia jibu ni lile lile, niko sawa. Msichana anatoka nje, anakaa na mimi jikoni. Nawaambieni, kumwuguza mtu jasiri kunachosha.

Alhamisi iliyopita, tarehe 8 Agosti, baada ya chakula cha mchana, tulikuwa watatu chumbani. Jerubet alikuwa anamgeuza ubavu. Dada yangu akamshika mkono, akasema kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki kidogo, "Nimechoka."

Hatukujua pa kutazama. Kisha Jerubet akapangusa uso kwa kiwiko, akasema, "Umelisema. Raundi moja."

Jemeli akacheka. Kicheko kilimuumiza na safari hii tuliona, maana uso ulikunjamana wote na hakuuficha. Akasema, "Kimbia wewe badala yangu."

"Sawa, mama," akasema Jerubet.

Alivua ndala zake, akatoka. Tulifungua dirisha, nikamwinua dada yangu kwa mito. Jerubet alizunguka uzio wote analia, ng'ombe wanamshangaa. Aliporudi anahema, mamake akamwambia, "Mikono unaitupa sana." Kisha akalala huku amemshika binti yake kidole. Alifariki kesho yake, Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Marehemu ameacha mume, Laban Kisang. Watoto, Jerubet na Kimosop. Mama mzazi, Kobilo. Ndugu zetu wawili wakubwa, nami mdogo wake. Na wasichana wa mazoezi, ambao mmoja wao ameniuliza kama leo anaruhusiwa kusema amechoka. Nimemwambia aseme. Sote hapa tumechoka.

Dada, ulibeba mengi na ulibeba kimya. Raundi yako imeshakimbiwa. Pumzika sasa, na uwe na amani.