Saa za Mwanga Mbaya

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi ambaye kichwa chake mwenyewe hakina hata unywele mmoja, ndiyo maana tunamwita Kipara. Kushoto kwangu hukaa Breki, dereva wa malori aliyestaafu bila mguu wake wa kulia kupewa taarifa: akisimulia safari, kila penye kona anakanyaga chini mpaka vikombe vinaruka. Kulia kwangu hukaa Pindo, fundi cherehani, ambaye huja na sindano zimechomekwa kifuani, kwa hiyo hata sikukuu hatumkumbatii. Mimi wananiita Tabasamu, kwa sababu ya neno ninalowapigia watu kelele kutwa. Nina studio ya picha ng'ambo ya barabara, lakini ukinitafuta kule utamkuta mke wangu. Mama Kahawa hutuhudumia sote kwa chupa moja kubwa na uvumilivu ambao sijui anaununua wapi. Siku hiyo jua lilikuwa linapanda, nami nilikuwa na shida.

— Jamani, nikasema, nina jambo.

— Korongo tena? Breki akauliza.

— Korongo tena.

Kila mwaka harusi zikipungua, mimi hubeba kamera na kwenda mbali kupiga picha za mandhari. Nimevuka mipaka mingi na kurudi na mawe mengi. Mke wangu hubaki dukani akiwakatia picha za pasipoti watu wengine wanaosafiri. Mwaka huu nimepania makorongo ya jangwani, yale yenye kuta nyekundu zilizojikunja kama shuka iliyokamuliwa. Sasa juzi nikakuta kwenye kaunta picha nne ndogo, kingo zimenyooka, na sura iliyonitazama haikuwa ya mteja. Nikamwuliza mke wangu hizo ni za nini. Akajibu bila kuinua macho, "Za korongo."

— Shemeji anakwenda? Kipara alitoa kichwa dirishani, mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi. Ndani tuliona mteja aliyenyolewa upande mmoja.

— Ana sharti. Leo mchana, akifunga duka apate chakula, nimsomee mpango wa safari. Ukimridhisha, anakuja. Usipomridhisha anabaki, na nisirudi tena kumwambia kulikuwa kuzuri.

— Na wewe unataka aje? Pindo akauliza.

Nikazungusha kikombe.

— Nataka sana. Hapo ndipo penye shida. Miaka yote nimemsimulia picha. Safari yenyewe sijawahi kumsimulia.

— Kuna tofauti gani?

— Kwenye picha kuna mwanga wa dhahabu. Kwenye safari kuna mtu mzima amejikunyata alfajiri, pua inamtiririka, anasubiri jiwe libadilike rangi.

— Hilo usilitamke mbele yake, akasema Breki. Tulia. Wataalamu tupo, tutakupangia.

Aliposema wataalamu nilipaswa kunyanyuka nikaenda zangu. Lakini kahawa ilikuwa bado ya moto.

— Kwanza gari, Breki akaanza. Jangwani hupeleki tairi limejaa upepo. Unapunguza, linakaa bapa kama wayo wa ngamia, linatambaa juu ya mchanga.

— Hilo kweli, nikasema.

Kosa langu. Breki ukimkubalia dogo, anakushushia shehena.

— La pili, mchanga hauendeshwi mchana. Mchana unakuwa macho.

— Nini kinakuwa macho?

— Mchanga! Ukipata joto unatanuka, unaanza kutembea. Mimi nimewahi kuegesha lori jioni, tukalala vizuri mimi na tandiboi, msaidizi wangu wa lori. Kuamka, tuko nchi nyingine.

— Mlikuwa mmelewa, Kipara akasema.

— Nikagongewa muhuri wa kuingia! Mlevi anagongewa muhuri?

— Mlevi ndiye wa kwanza kugongewa.

Breki akakanyaga. Vikombe vikaruka. Mama Kahawa akashika chupa yake kwa mikono miwili, akanitazama kana kwamba ni mimi niliyemzaa yule mtu.

— Tuache gari, nikasema. Shida yangu kubwa ni mwanga. Korongo ni pana, lina kuta mbili. Asubuhi jua linawasha ukuta mmoja, wa pili unabaki gizani. Jioni kinyume chake. Kamera haiwezi kuona zote mbili.

Kipara akazima mashine. Mambo ya mwanga yanamhusu. Ana taa mbili zinazomulika hata dhambi.

— Tabasamu, mteja akitaka kuona kisogo chake, mimi nafanyaje?

— Unamshikia kioo.

— Basi umemaliza. Kioo cha kwanza unakiweka juu ya ule ukuta unaowaka. Kinalidaka jua, kinalitupa ng'ambo. Cha pili kinapokea, kinashusha chini. Cha tatu...

— Kioo cha ukubwa gani?

— Hiki changu kikubwa unaweza kukichukua. Tunakifunga juu ya gari la Breki.

— Gari gani? Breki akashtuka. Mimi nimestaafu!

— Na jiwe lenyewe, Kipara aliendelea, lazima ulilowanishe. Umeshaona ngozi ikipakwa maji baada ya wembe? Inang'aa. Unachukua kichupa cha kupuliza, unapita taratibu.

— Korongo zima?

— Unaanza na sehemu zinazoonekana.

— Kipara, ikaita sauti kutoka ndani, na hiki kichwa?

— Kichwa kinasubiri, tunazungumza jangwa hapa!

Pindo alikuwa anazungusha uzi kidoleni, na Pindo akishika uzi ujue anapima kitu. Akachomoa sindano moja kifuani, akaielekeza kwangu.

— Nyote mnasahau. Picha ya korongo tupu, nani atajua ukubwa wake? Unaweza kunionyesha ufa wa ukuta wangu ukaniambia ni jangwa. Lazima awepo mtu, jicho lipate kulinganisha. Si ndivyo?

— Ndivyo, nikasema, na kweli ndivyo tunavyofanya.

— Mtu huyo ni Shemeji. Namshonea gauni refu, jekundu, lenye mkia. Anasimama chini kabisa bondeni, upepo unapeperusha, wewe uko juu na kamera yako. Picha ya kufa mtu!

— Atasimama mbali kiasi gani?

Pindo alifumba jicho moja, akapima barabara yote.

— Kama kilomita.

— Kwa hiyo namtoa mke wangu nyumbani, namvusha mpaka, namfikisha jangwani, halafu namweka kilomita nzima kutoka nilipo.

— Lakini atapendeza!

— Nitamwambiaje ageuze shingo?

— Utampigia simu.

— Hakuna mtandao.

— Basi honi, akasema Breki, ambaye sasa alikuwa amerudi kazini. Moja kulia, mbili kushoto. Ndefu, maana yake tabasamu.

Hata Mama Kahawa alicheka hiyo, akaongeza vikombe bila kuombwa. Hapo wakapandwa na mori. Pindo alikumbuka kwamba makorongo mazuri hujaa watalii, nao huingia kwenye picha bila aibu. Dawa yake ni pazia. Atashona turubai kutoka ukuta mpaka ukuta, la kufunga na kufungua, na Breki atalivuta kwa gari ambalo hana. Kipara akasema pakiwa na pazia na vioo, basi lazima pawe na stuli, maana Shemeji hawezi kusimama na mkia ule siku nzima. Na kitana kiwe karibu, kwa ajili ya upepo. Na taa moja ya akiba, jua likikataa.

— Na ukuta ukionekana umechakaa, Pindo akamalizia, tunaning'iniza kitambaa nyuma ya Shemeji. Cha bluu.

Nikaweka kikombe chini.

— Jamani. Kioo, taa, stuli, kitana, pazia, kitambaa cha bluu. Hiyo si studio yangu?

Kipara akajikuna upara.

— Nisafiri siku zote hizo nikajenge kule kitu ambacho kipo pale?

Nikanyoosha mkono ng'ambo ya barabara, wote wakageuza shingo kufuata kidole. Mlango wa studio ulikuwa unafungwa. Mke wangu alijaribu kitasa mara mbili kama kawaida yake, akangoja pikipiki ipite, akavuka kuja kwetu.

Niseme wazi kwamba hajawahi kukaa kwenye benchi hili. Huja mpaka pale kwenye kivuli cha paa, ananiita, nanyanyuka. Leo alikuja mpaka mbele yetu kabisa, akasimama, mkoba begani.

— Hamjambo, mashemeji.

— Hatujambo, Shemeji! Waliitikia kwa pamoja kama darasa lililokamatwa likipiga kelele.

— Baba watoto, nisomee mpango.

Nikakohoa. Nikatazama upande wa Breki, naye akawa anachunguza kiatu chake. Basi nikasema ukweli, sikuwa na kingine kilichobaki.

— Tunaamka kungali giza. Tunatembea na tochi mpaka ukingoni mwa korongo. Kuna baridi. Nafunga kamera kwenye stendi, tunangoja. Jua likitoka, ukuta wa ng'ambo unawaka, ni muda mfupi tu, lakini mama, ule muda... Kisha jua linapanda na mwanga unaharibika.

— Unaharibikaje?

— Unakuwa mkali, unatoka juu moja kwa moja. Kila kitu kinaonekana kimepauka. Hakuna mpiga picha anayetoa kamera saa hizo. Tunafunga vitu. Jioni mwanga ukilala tena, tunatoka, napiga ukuta wa pili, tunarudi kulala.

— Na katikati?

— Katikati ya nini?

— Asubuhi umesema. Jioni umesema. Kuanzia jua linapopanda mpaka linapolala, mimi na wewe tunafanya nini?

Benchi lote lilisikia swali hilo kama limeulizwa kila mtu na mke wake.

— Mnalala, Breki alijaribu.

— Kwenye joto la jangwa, Shemeji? Utalala wewe?

— Atasafisha lenzi, Kipara akasema.

— Kutwa?

Pindo alifungua mdomo, akachomeka sindano mahali pake, akafunga mdomo.

— Wewe mwenyewe, mke wangu akaniuliza, miaka yote hiyo huwa unafanya nini saa hizo?

— Nakaa kwenye kivuli cha gari.

— Halafu?

— Nangoja mwanga.

— Na tukiwa wawili?

Niliwaza. Nakuapia niliwaza kwa bidii. Nimewapanga mabwana harusi waliogombana na wakwe usiku uliotangulia, nimewachekesha watoto wenye homa, nimemfanya kadhi akunjue uso. Lakini kutwa nzima na mke wangu, pasipo duka, pasipo mteja, watoto wameshakuwa watu wazima, hakuna simu? Nilitafuta kichwani picha ya siku kama hiyo, nikakosa.

— Sijui, nikasema.

Nikajua nimeharibu. Nilimwona akivuta pumzi, nikangoja aseme anabaki.

— Basi mimi nakuja kwa ajili ya saa hizo, akasema. Asubuhi na jioni chukua wewe na mawe yako, hata kukuamsha sikuamshi. Hizo mbovu ni zangu.

Akamtazama Breki mpaka Breki akasogea, kisha akakaa. Akamwomba Mama Kahawa kikombe. Mama Kahawa akainamisha chupa, ikatoa nusu kikombe na mkoromo, basi, imekwisha.

— Sasa, akasema mke wangu, tujaribu hapa hapa. Jua liko utosini. Mwanga ndio huu mbaya?

— Mbaya kabisa, nikasema. Unaweka vivuli chini ya macho.

— Nani amekuuliza habari za macho yangu?

Kipara alikumbuka ghafla kwamba ana nusu kichwa cha mtu ndani. Pindo alikuwa na suruali ya haraka, ambayo sote tulijua imekaa kwake tangu mwezi uliopita. Breki hakuwa na kisingizio, mstaafu atasema nini? Akanyanyuka tu, akaenda kusimama kando ya gari la watu akilitazama tairi. Mama Kahawa akakusanya vikombe vyote isipokuwa kimoja.

Tukabaki wawili. Pikipiki zikapita. Ndani mashine ya Kipara ilikuwa imezimwa, na hata yule mteja sikumsikia akilalamika. Walikuwa wanasikiliza, wanaharamu wale.

— Anza, akasema.

— Nianze na nini?

— Chochote ambacho si jiwe.

Nikajikuna shingo. Akanionea huruma, au labda alichoka kungoja.

— Haya, nitakusaidia. Ukiwa njiani, kiti cha mbele huwa anakaa nani?

Nikacheka kidogo, kwa aibu.

— Begi la kamera.

— Begi?

— Nalifunga mkanda. Barabara ni mbaya.

— Mkanda! Akageuka kunitazama uso mzima. Na unaliongelesha?

— Mara chache. Penye kona.

Dirishani mtu alibanwa na kicheko, akakigeuza kikohozi.

— Mwaka huu litakaa nyuma, nikasema.

— Nyuma, na barabara mbaya hivyo? Si litanuna?

— Lizoee.

Akanywa ile nusu kahawa taratibu, kisha akanisogezea kikombe, kwenye kitako lilikuwa limebaki funda moja.