Damu ya Pancha Ilitoka kwa Nani

Benchi lilikuwa kati ya kibanda cha kinyozi na gereji ya matairi, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Kila asubuhi walilikalia walewale: Cherehani fundi nguo, Upara kinyozi asiye na unywele hata mmoja, na Pancha fundi matairi. Kahawa ilikuwa ya Shemeji, aliyeitwa hivyo na wote ingawa hakuna aliyemwoa dada yake. Pancha alikuwa amerudi kazini juzijuzi tu. Jeki iliteleza, gari likamlalia paja, damu ikamtoka mpaka akaanza kuaga watu. Hospitali wakamwongezea chupa mbili, akapona. Tangu hapo alikuwa na jambo moja rohoni: alitaka kumshukuru aliyetoa damu ile, na hakumjua. Alikwenda hata na kuku mzima kwa muuguzi, amfikishie mwenyewe. Muuguzi akacheka, akamrudisha na kuku wake. Wenzake wakaamua kumsaidia kumtafuta, na chombo chao cha kutafutia kilikuwa mdomo.

— Siku hizi Pancha hatii sukari kwenye kahawa, — Upara alianza. — Aliyempa ni mtu mzima, tena mwenye meno mabovu.

— Hilo dogo, — Cherehani akadakia. — Jana kamwambia mteja samahani. Pancha huyu huyu. Hiyo ni damu ya mwalimu wa chekechea. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

— Methali hiyo haiingii hapo, — Pancha alisema.

— Mmeona? Kashaanza kusahihisha watu.

Shemeji alimimina kahawa kwa uso wa msiba.

— Mimi nina wasiwasi mkubwa zaidi. Jumapili timu yetu ilipofungwa, nani alitabasamu?

Wote walimgeukia Pancha.

— Nilikumbuka jambo lingine.

— Damu nzito kuliko maji, — Shemeji alisema. — Wamekutilia shabiki wa wale waliotufunga.

— Chupa zilikuwa mbili, jamani, — Upara akasema. — Watu wawili hao. Mmoja wa kwao, mmoja wa kwetu. Ndiyo maana mkewe analalamika kwamba siku hizi anakoroma kwa sauti mbili. Wanabishana humo ndani.

Pancha alicheka hadi paja likamuuma. Kisha kicheko kikamwisha.

— Hata angekuwa wa timu ile, ningemshika mkono. Wanangu wana baba kwa sababu yake.

— Mungu atamlipa, — Cherehani alisema, na pale kijiweni Mungu akishatwishwa deni, mazungumzo huwa yamefungwa.

Ndipo akafika dada mmoja mpiga plasta, buti zake nyeupe kwa saruji, gurudumu la baiskeli begani. Alikuwa na pamba imebandikwa mkononi, penye kiwiko kwa ndani. Akaagiza kahawa, akampa Pancha gurudumu.

— Umeumia, dada yangu? — Pancha aliuliza.

— Sijaumia, kaka. Nimetoka kutoa damu. Kila baada ya miezi minne huwa naenda.

Pancha aliliweka gurudumu chini taratibu.

— Isije ikawa ni wewe uliyenipa mimi.

— Sijui. Wala sitajua. Wanakupima, wakikuona mzima unalala kidogo, wanatoa, unakunywa soda, unakwenda zako.

Wanabenchi wakaanza kujitetea kabla hawajashtakiwa. Upara, anayeshinda na wembe shingoni mwa watu, alisema anaogopa sindano. Cherehani, anayejidunga vidole kila siku bila kuombwa, alisema damu yake ni kidogo, inamtosha mwenyewe. Shemeji akasema yake ni kahawa tupu.

Yule dada akanywa funda moja.

— Nimewasikia nikija. Kumbe mtu akiongezewa damu anafanana na aliyeitoa?

— Kabisa, — Cherehani alisema. — Ushahidi huu hapa, ameketi.

— Basi mama atakayejifungua leo pale hospitali, damu ikamwishia, atafanana na nani kati yenu?

Upara alimtazama Cherehani. Cherehani akamtazama Shemeji. Shemeji akatazama ndani ya birika.

— Mimi daktari kanizuia kwa sasa, — Pancha alisema. — Ninyi, ndugu zangu, hamjazuiwa na mtu.

Mwishowe Upara akafungua aproni yake, akaitundika mlangoni.

— Sindano naiogopa, — alisema. — Lakini naogopa zaidi huyo mama asije akapewa ya Cherehani peke yake. Atazinduka akiahidi watu kwamba nguo zitakuwa tayari kesho.

— Twende basi, — Cherehani alisema, akisimama kwa hasira za uongo. — Tuone nani atazimia.

Shemeji alifunika birika, akawafuata. Pancha alisimama na gurudumu la watu mkononi, akiwaangalia wakisukumana mpaka wakakata kona. Machozi yalimlengalenga, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali aliona shukrani yake imepata pa kwenda.